Habari Ziwafikie

Nyumbani kwetu redio ilikaa juu ya kabati la vyombo, na saa ya matangazo ya vifo ikifika Bibi alinyanyua mkono tu, sote tukanyamaza. Hata mwiko aliuacha ndani ya sufuria. Mtangazaji alianza bila haraka: Bwana fulani wa mahali fulani anasikitika kutangaza kifo cha mama yake mzazi, fulani binti fulani, kilichotokea jana usiku. Maziko ni leo baada ya sala ya alasiri. Habari ziwafikie fulani aliyeko Tanga, fulani aliyeko Mombasa, na ndugu na jamaa wote popote walipo. Mara nyingi Bibi hakuwa akimjua marehemu. Aliitikia vilevile, Inna lillahi, ndipo akarudi kwenye sufuria yake.

Baadaye kidogo ilikuja taarifa ya habari, nayo ilikuwa na vifo vyake. Basi limepinduka, watu kadhaa wamefariki dunia papo hapo. Hapo sisi watoto tuliendelea na mchezo wetu, na hakuna aliyetukemea.

Nimefanya kazi kwenye chumba cha habari miaka mingi tangu siku zile. Ajali ikiripotiwa, swali la kwanza ni moja: wamekufa wangapi? Watatu watapata kona ya ukurasa wa ndani, thelathini watapata ukurasa wa mbele. Nimeliuliza swali hilo mwenyewe, tena kwa sauti ya mtu mwenye haraka ya kufunga ukurasa. Silikatai. Msomaji ana haki ya kujua ukubwa wa msiba. Kinachoniuma ni kwamba tukishapata jibu lake huwa tunaona kazi imekwisha.

Usiku wa kuamkia Jumamosi, Septemba 10, 2011, Mv Spice Islander ilizama karibu na Nungwi, kaskazini mwa Unguja, ikielekea Pemba. Watu walikuwa wakirudi makwao baada ya Idi. Walioopolewa hai walisimulia jinsi walivyoelea juu ya magodoro yaliyokuwa sehemu ya shehena. Siku zile magazeti yaliandika idadi iliyopanda hadi karibu na 200, ikasimama hapo. Miili iliyopatikana ilikuwa 203. Kamera zikafungwa, waandishi wakapanda boti kurudi Dar es Salaam. Tume ya uchunguzi ilipotoa ripoti yake Januari 2012, waliokufa pamoja na waliopotea walikuwa zaidi ya 1,500, katika meli iliyoruhusiwa kubeba watu wasiofika 700.

Isome tena tofauti hiyo. Zaidi ya watu 1,300 hawakuwamo katika hesabu tuliyowapa wasomaji wetu wiki ile ya kwanza. Bahari haikuwa imewatoa. Walikuwa wakingojwa majumbani, Wete, Mkoani, Chake Chake, na aliyewangoja hakuhitaji mpiga mbizi amwambie kwamba fulani hajafika.

Kungoja huko ndiko tusikokuandika, ingawa ndiko msiba ulikokaa kwa muda mrefu zaidi. Kwa familia ya Kiislamu mwili ndio unaofungua kila kitu: kuoshwa, kukafiniwa, kusaliwa, kuzikwa. Asiyeonekana anaweza kusaliwa sala ya ghaibu, na wengi walisaliwa. Mkewe je? Eda ya mjane ni miezi minne na siku kumi, nayo huhesabiwa tangu kifo cha mume. Lakini aliyepotea hajawa marehemu mpaka kifo chake kithibiti, na kuthibiti huko hupitia kwa kadhi. Mpaka siku hiyo ifike, mwanamke ni mke kwa hukumu na mjane kwa moyo wake. Mirathi haigawiwi. Watoto wanaulizwa shuleni baba yuko wapi na hawajui wajibu nini. Habari ya namna hii haina picha ya kutisha, wala haina siku yake maalumu, na ndiyo maana huikuti gazetini.

Miaka 15 kabla ya Spice Islander, Mei 21, 1996, Mv Bukoba ilizama ziwani ikiwa inakaribia Mwanza. Meli ile ilikuwa ya abiria 430, na waliokufa wanakadiriwa kupita 800. Narudia neno hilo, wanakadiriwa. Abiria wa daraja la kwanza na la pili walikuwa na orodha. Wa daraja la tatu hawakuwa nayo. Aliyenunua tiketi ya bei nafuu alipanda na mzigo wake wa ndizi, akaenda chini ya ziwa bila jina lake kuandikwa popote. Wengi wamezikwa pamoja pale Igoma, na kila Mei watu hukusanyika kuwaombea. Nilipofika Igoma nilisimama muda mrefu, nikamfikiria yule ambaye hata siku ya safari hakuna aliyemwuliza anaitwa nani.

Mv Nyerere ilipopinduka Septemba 20, 2018, hatua chache kabla ya gati la Ukara, ikiwa na watu waliotoka gulioni Bugolora, tuliandika tena kwamba kivuko cha abiria 101 kimeua zaidi ya 220. Hesabu ileile ya Bukoba, ziwa lilelile.

Linganisha na Karatu. Mei 6, 2017, basi la shule kutoka Arusha lilitumbukia korongoni, wakafa wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Majeneza yalipangwa Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, na nchi nzima ililia watoto wenye majina. Walikuwa na majina kwa sababu shule ina daftari la mahudhurio. Kila asubuhi mwalimu huita na mtoto huitika.

Kuna jambo jingine, na hili linanikera zaidi. Agosti 10, 2019, lori la mafuta lilipinduka Msamvu, Morogoro, likalipuka huku watu wakichota petroli kwa ndoo na madumu. Waliokufa walipita 100. Muda si muda picha za waliokuwa wakiungua zilikuwa zinazunguka simu kwa simu, na chini yake maneno: wamejitakia, tamaa hiyo. Kiswahili chetu husema kumsitiri maiti, tukiwa na maana ya kumzika, kwa kuwa mtu akishakufa hawezi kujifunika mwenyewe, wanaobaki ndio wanaomfunika. Sisi tulimvua yule aliyekuwa bado hajafika mochwari, kisha tukamhukumu. Baba wa mmojawao alikuwa na simu pia.

Ningependa kila chumba cha habari kiwe na mtu mmoja ambaye kazi yake ni kurudi. Wiki ya pili arudi, mwezi wa sita arudi, aketi barazani na wafiwa bila kamera, na kwa ridhaa yao aandike jina, kazi, kijiji, nani alikuwa akimpigia simu kila Ijumaa. Ni kazi ya gharama, na mhariri atauliza italeta nini. Italeta watu 1,300.

Mama mmoja jirani yetu, mzaliwa wa Pemba, alinisimulia habari ya mdogo wake aliyekuwamo kwenye Spice Islander na hakuonekana. Baada ya wiki sita kaka yao mkubwa alikwenda kituo cha redio kutoa tangazo. Karani aliandika jina la marehemu, la baba na la babu, akaandika kijiji, akaandika nani anatangaza. Akafika pa maziko.

"Wapi, mzee wangu, na saa ngapi?"

Kaka mtu alinyamaza. Karani naye akangoja. Kisha akapiga mstari mahali pale, akauliza kwa sauti ya chini, "Habari ziwafikie nani?"

Hapo mzee alipata la kusema. Akamtaja shangazi yao wa Tumbe, mjomba wa Kengeja, binamu wawili walioko Maskati, rafiki waliyekuwa wakivua naye, na mwalimu aliyemfundisha chuoni. Karani aliwaandika wote, hakumkatiza. Tangazo likasomwa jioni ile, likarudiwa asubuhi.