Tanuri la Vyungu: Tofali Gani Likae Wapi?

Wanaualimu wenzangu, tukienda TP tunakuta watoto wanafinyanga vyungu vizuri kabisa, halafu vinabaki dirishani hadi vivunjike kwa sababu shule haina tanuri. Sera ya Elimu na Mafunzo, Toleo la 2023, inatilia mkazo amali. Tanuri dogo tunaweza kulijenga, ila tujue tofali gani likae wapi. Ukuta ukipasuka katikati ya moto, kazi ya darasa zima inageuka vigae.

Nianze na lisilofaa. Huku kwetu Mbagala au Bunju ukisema tofali, wengi wanaelewa bloku la saruji na mchanga. Hilo lisikae ndani ya tanuri. Kuanzia nyuzi 400 hivi, saruji inapoteza maji yaliyofungwa ndani yake. Tanuri likipoa inanyonya unyevu, inavimba na kumeguka. Kwa hiyo hata udongo wa kuunganishia usiwe na saruji.

La pili ni tofali jekundu la kuchoma. Vyungu vya kawaida huiva kati ya nyuzi 800 na 1,000 hivi, na tofali lililoiva vizuri linahimili joto hilo. Tatizo ni pale ndimi za moto zinapolipiga moja kwa moja, kwa kuwa udongo mwekundu una chuma, na chuma kinaufanya ulainike mapema. Ligonge: likilia kama kengele, limeiva, likitoa mlio mzito, liache. Kisha mwombe mfua vyuma akuwekee kipande kwenye mkaa wake. Kikipinda au kung'aa kama kioo, matofali hayo yapeleke ukuta wa nje.

La tatu ni tofali la moto, linalotokana na udongo mweupe wa kaolini. Hatuko mbali nao: vilima vya Pugu, Kisarawe, vinajulikana kwa udongo huo. Kaolini safi huhimili zaidi ya nyuzi 1,700. Ikiwa mbichi husinyaa sana, ndiyo maana huchanganywa na vigae vilivyosagwa kabla ya kufyatuliwa.

La nne ni tofali jepesi. Unachanganya udongo na maranda au pumba za mpunga. Vikiungua vinaacha vitundu vyenye hewa, na hewa hiyo inazuia joto lisitoke. Ila ni laini, na majivu ya kuni hulila haraka.

Sasa yapange. Angalia jiko la mkaa lililoboreshwa: ndani udongo, nje bati. Tanuri nalo ni hivyo hivyo. Tofali la moto liweke kwenye chumba cha kuni na njia ya moto, jepesi nyuma yake, jekundu nje kabisa. Tabaka usizibane kwa udongo mgumu, maana kila tofali hutanuka kwa kiasi chake. Acha upenyo mdogo, ujaze majivu makavu. Viungo vipishane, na kuba lijengwe kwa aina moja ya tofali. Udongo wa kuunganishia uwe mwembamba.

Bumu letu halitoshi kununua tofali la moto la tanuri zima, na wala halihitajiki kote. Nunua ya sehemu mbili tu nilizotaja. Moto wa kwanza uwe mdogo, wa kutwa nzima, bila chungu ndani, mpaka mvuke uishe.