Gari ya familia Maskati: kipimo chetu cha kwanza kilikuwa magoti ya mama

Mama yangu ana miaka 74, na tangu mwaka juzi alianza kukataa kutoka nyumbani. Akialikwa arusi, amechoka. Akiambiwa twende Sib kumwona dada yake, kichwa kinamuuma. Hata hitima ya jirani alituma salamu tu. Sisi tukadhani ni uzee. Binti yangu ndiye aliyenizindua: "Mama, bibi hachoki. Bibi anaona haya kunyanyuliwa kuingia garini mbele za watu."

Gari yetu ya zamani ilikuwa ile ya juu, yenye chesisi kama ya lori. Tuliinunua watoto walipokuwa wadogo na kila Ijumaa tuko mchangani. Mume wangu akiipenda mno. Lakini kumpandisha mama ilikuwa kazi ya watu wawili: mmoja amshike mkono, mwengine amsukume kwa nyuma. Wallahi sikuwahi kufikiria mwenyewe anajisikiaje.

Basi tukaanza kutafuta gari nyengine. Nayaandika haya kwa sababu najua nyumba nyingi za kwetu, hapa Maskati na hata Dubai na Doha, ziko kama yetu. Bibi yumo, mume na mke wote wanakwenda kazini, watoto watatu, na dada wa kazi. Watu saba, na gari ni moja.

Hesabu ya wiki nzima, si ya Ijumaa

Ami yangu alikuwa na jawabu tayari: "Nunueni Land Cruiser mpumzike. Mkiiuza baada ya miaka mitano, pesa yenu mnaiona." Hakukosea. Kila mtu hapa anajua gari ile haiangushi bei. Lakini hata iliyotumika ilikuwa nje ya uwezo wetu, na deni la benki la miaka mingi kwa ajili ya jina mimi sikulitaka. Nikamwambia, "Ami, heshima ya gari tutaipata, lakini kila tarehe 25 nani atatulipia?" Akacheka.

Nikachukua karatasi, nikaandika gari inakwenda wapi. Tunakaa Mabela, kazi yangu iko Ruwi. Kwenda na kurudi ni kama kilomita 90, siku tano kwa wiki. Ukitia na soko na wikendi, unafika kilomita 2,000 na ushei kwa mwezi. Mchanga wa Sharqiya mwaka mzima tulikwenda mara mbili, Jabal Akhdhar mara moja. Yaani tulikuwa na gari ya siku tatu za mwaka, halafu siku zilizobaki zote tunaiburura kwenye lami.

Hesabu hiyo ndiyo iliyomnyamazisha mume wangu. Si maneno yangu, ni karatasi.

Tulizozitazama

Tuliangalia gari nne za ukubwa wa kati, zote zina safu tatu za viti.

Toyota Fortuner imejengwa juu ya msingi mmoja na Hilux. Ni ngumu, na fundi wake yuko kila mahali. Lakini sakafu yake iko juu, na viti vya safu ya tatu hukunjwa pembeni, kwa hiyo hata usipovitumia vinakula nafasi ya buti. Mwenye shamba Rustaq au mwenye kwenda jangwani kila wiki, hiyo ni gari yake. Sisi hatukuwa watu hao tena.

Nissan Pathfinder ya kuanzia 2022 ina injini ya V6 ya lita 3.5 na gia 9. Ni pana, ina nguvu, na njia ndefu haiisumbui. Toyota Highlander haibridi ina injini ya lita 2.5 inayosaidiwa na mota za umeme. Inajichaji wenyewe ikitembea, hakuna waya wa kuchomeka. Ya nne ni Kia Sorento, injini ya lita 2.5 isiyo na taba, ya kuvuta magurudumu ya mbele.

Ndugu yangu anayekaa Uingereza alisisitiza: "Chukua haibridi, usiulize mara mbili." Kwao huko ana haki, maana lita ya petroli inawagharimu karibu mara tatu ya yetu. Hapa hesabu ni nyengine. Mwisho wa 2021 serikali ya Oman iliweka kikomo cha bei: M91 baisa 229 kwa lita, M95 baisa 239. Kwa baisa 229 na kilomita 2,000 kwa mwezi, gari inayokwenda kilomita 10 kwa lita inakula kama riali 46. Ya V6 inayokwenda kilomita 8 itakula kama riali 57. Haibridi inayokwenda kilomita 15 itakula kama riali 31.

Haibridi basi inaokoa riali 15 kwa mwezi, kama 180 kwa mwaka. Ikiwa bei yake imezidi kwa riali 2,000, utaingoja faida miaka 11. Mwenye kuendesha mara mbili ya mimi, au anayekaa nchi ya petroli ghali, afanye hesabu yake upya. Mimi kwangu haikukaa.

Mitihani mitatu

Kwa wauza magari hatukwenda wawili. Tulimchukua mama. Muuzaji akaanza kunieleza habari za skrini na taa, nikamwambia, "Mwanangu, ngoja kwanza bibi akae." Mtihani wa kwanza ulikuwa huo: ageuke, akae kitako, halafu aingize miguu, bila ya kushikwa. Kwenye Sorento kiti kilikuja sawa na nyonga yake. Akakaa. Akashuka. Akakaa tena, safari hii bila ya kuambiwa. Sikusema neno, lakini moyoni nilikuwa nimeshanunua.

Mtihani wa pili ni wa joto. Omba gari iachwe juani saa sita mchana, halafu washa AC wewe ukiwa umekaa safu ya tatu, si mbele. Mbele gari zote zinapoa. Tazama kama kule nyuma pana matundu ya hewa, kwa sababu mtoto ndiye atakayekaa kule mwezi wa Julai. Sorento inayo.

Wa tatu ni wa buti. Nyanyua viti vyote saba, halafu jaribu kutia mifuko ya soko ya wiki na sanduku la barafu. Hapo gari nyingi za ukubwa huu zinashindwa, na hii yetu pia. Watu saba wakikaa, buti inabeba mifuko michache tu. Tukikunja kiti kimoja cha nyuma, mambo yanakwenda. Kwa safari ya Salala wakati wa kharifu, ambayo ni kama kilomita 1,000, sanduku la juu ya paa ni lazima.

Rahisi iliyotaka kutuponza

Kabla ya kununua, tulipata moja ya bei rahisi mno. Rangi inang'aa, ndani safi. Mume wangu alishatoa simu apige benki. Mimi nikaitazama dashibodi, nikaona spidi imeandikwa kwa maili. Gari iliyotoka Marekani. Si haramu, na si zote mbovu, lakini nyingi huja baada ya ajali au mafuriko, na mfumo wake wa kupoza haukukusudiwa joto la Ghuba.

Tazama namba ya chesisi. Ikianza na 1, 4 au 5, gari imeundwa Marekani. Sorento za soko letu hutoka Korea na namba yake huanza na K, na zinazoanza na 5 zimeundwa Georgia kwa ajili ya Wamarekani. Namba ile ile ukiitafuta kwenye intaneti, kwa riali chache unapata historia ya gari. Ile yetu ilitoka na picha: upande wa kulia wote umekunjika, mito ya hewa imepasuka. Upande huo ndio mama angekaa.

Mwisho tulinunua ya miaka mitatu, kwa mwenyewe wa kwanza, ina daftari la matengenezo la wakala. Tulitazama na mipira: namba nne za mwisho ubavuni zinakwambia wiki na mwaka iliotengenezwa. 3521 maana yake wiki ya 35 ya 2021. Kwa joto letu mpira uliozeeka hupasuka hata kama meno yake mazima. Tulikuta miwili mizee, tukakata bei. Na tulichagua rimu ndogo kwa makusudi, kwa sababu mipira ya inchi 20 ni ghali kila unapobadilisha.

Tulichokikosa

Sitaki kusema gari ni kamili. Injini ya lita 2.5 isiyo na taba, ikibeba watu saba na AC wazi, kwenye mlima wa Busher kwenda Amirat itakutaka uwe na subira. Jabal Akhdhar nayo hatupandi tena. Kwenye kizuizi cha Birkat al-Mauz polisi hawakuruhusu bila ya gari ya kuvuta magurudumu yote manne. Siku moja kwa mwaka tunakodi ya wenyeji na dereva wake, na bado ni rahisi kuliko kubeba gharama ile mwaka mzima. Na wadi ikija, tunarudi. Hapo hata ile ya Ami inachukuliwa na maji.

Wewe uliye na vijana watupu nyumbani na shamba la mitende mlimani, usininunulie maneno yangu. Andika karatasi yako: nani anapanda, anakwenda wapi, mara ngapi. Halafu unapokwenda kuitazama gari, mchukue yule anayeona tabu zaidi kupanda, umpe siti kabla ya kupewa bei.

Ijumaa iliyopita nilitoka ndani na funguo mkononi, nikamkuta mama keshavaa buibui, keshakaa garini, mlango keshaufunga. Akafungua kioo, akaniuliza, "Sasa mbona mnachelewa? Dada yangu ananingoja Sib."