MAJI MAKALI YA MIGODI: YATAMBUE, UJILINDE

Mkulima, unapotafuta shamba hujambo la kwanza kuuliza ni maji. Lakini haitoshi kujua kwamba maji yapo. Yafaa ujue pia yametoka wapi na yamepita juu ya mawe gani. Mwezi huu twakueleza habari za maji ya tindikali yatokayo migodini, maana wengi wetu hapa Free Area tuna jamaa na mashamba katika wilaya zenye machimbo.

Tindikali hiyo hutoka wapi? Katika miamba mingi yenye dhahabu au shaba mna jiwe la manjano ling'aalo, ambalo ni chuma kilichochanganyika na salfa. Likiwa chini ya ardhi halina madhara. Likichimbwa na kurundikwa juu, hewa na mvua hulifikia, nalo hutoa tindikali ya salfa. Tindikali hiyo huyeyusha shaba, zinki na madini mengine yaliyomo mawe, ikayapeleka mtoni. Jambo hili laweza kuendelea miaka mingi baada ya mgodi kufungwa.

Tazama mfano wa Kilembe, karibu na Kasese katika Uganda. Shaba ilianza kuchimbwa huko mwaka 1956, ikayeyushwa Jinja, ikasafirishwa kwa reli kupitia hapa Nakuru hadi Mombasa. Mgodi ulisimama mwaka 1982, lakini malundo ya mabaki yalibaki. Maji yaliyopita katika malundo hayo yaliua majani katika sehemu ya mbuga ya Queen Elizabeth, upande wa Ziwa George. Mwaka 1999 kiwanda kilianza kutoa kobalti katika lundo la Kasese, na hivyo lundo likapunguzwa.

Mfano wa pili ni Tarime, Tanzania. Mwaka 2009 maji ya tindikali yalivuja kutoka mgodi wa dhahabu wa North Mara yakaingia Mto Tigithe, ambao wanavijiji waliutegemea kwa kunywa na kunywesha mifugo. Tigithe huingia Mto Mara, na Mara chanzo chake ki katika milima yetu ya Mau. Mto mmoja hulisha watu wengi.

DALILI ZAKE

Tope la rangi ya kutu au manjano kandokando ya kijito. Mawe yaliyopakwa rangi hiyo. Samaki na vyura kutoweka. Majani kukauka ukingoni. Lakini angalia sana: maji maangavu kabisa yaweza kuwa ndiyo makali zaidi. Njia ya hakika ni kuyapima. Maji yasiyo makali wala ya magadi yana kipimo cha 7. Kila namba moja ikishuka, ukali huongezeka mara kumi; basi maji ya 4 ni makali mara elfu kuliko ya 7.

LA KUFANYA

Kwanza, usinywe maji hayo, wala usinyweshe ng'ombe. Kuyachemsha hakuondoi tindikali wala madini.

Pili, usiyamwagilie shambani. Mizizi itaungua, na madini yatabaki udongoni.

Tatu, usichukue mawe ya malundo ya mgodi kujengea nyumba au kutengenezea njia.

Nne, mpe habari chifu, Afisa wa Kilimo na NEMA mapema. Andika tarehe na mahali ulipoona dalili.

Kazi ya kusafisha ni ya mwenye mgodi. Yampasa achimbe mitaro juu ya lundo ili maji ya mvua yasilipitie, alifunike kwa udongo wa mfinyanzi na kupanda majani, na maji yatokayo ayatie chokaa bwawani ili tindikali iishe na madini yatue chini. Tangu sheria ya mazingira ya mwaka 1999, mgodi hauruhusiwi kuanza kabla ya athari zake kuchunguzwa, na wananchi wana haki ya kutoa maoni. Mkiitwa mkutanoni, nendeni, mkaulize maji machafu yatawekwa wapi.

USICHANGANYE MAGONJWA YA MAJI

Hapa Nakuru shida ya visima vingi virefu si tindikali bali floridi, itokayo katika miamba ya volkano. Ndiyo iyafanyayo meno ya watoto kuwa ya kahawia, na ikizidi huharibu mifupa. Kipimo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 katika lita moja. Kutia chokaa kisimani kama afanyavyo mtu wa mgodini si dawa yake. Dawa inayotumika kwetu ni chujio la mkaa wa mifupa, ambalo Kanisa Katoliki Jimbo la Nakuru limelieneza kwa miaka mingi. Au kuwanywesha watoto maji ya mvua yaliyokingwa kwa bati safi.

Basi, kabla ya kununua shamba au kuchimba kisima, peleka chupa ya maji ikapimwe. Gharama yake ni ndogo kuliko bei ya ng'ombe mmoja, na mtoto hana bei.