Shahidi Aliyekaa Majini Malindi

Mtu anayetaka kukana kwamba tabianchi, yaani wastani wa hali ya hewa wa miaka mingi, inabadilika, atapata hoja nyepesi kwenye ufuo wa Malindi hadi Mambrui, Magarini, kwa kuwa huko nchi kavu imesonga mbele na bahari imerudi nyuma, ilhali wataalamu wanasema usawa wa bahari duniani ulipanda kwa takriban sentimita 20 kati ya 1901 na 2018. Anachokiona ni kweli, lakini anachohitimisha si kweli, maana ufuo huo unajengwa na udongo wa mto uitwao Athi kule bara, Galana ukipita Tsavo, na Sabaki unapoingia baharini. Bahari huweza kupanda na ufuo ukazidi kupanuka, mradi udongo unaoletwa uwe mwingi kuliko unaochukuliwa na mawimbi.

Ushahidi umehifadhiwa mahali pa ajabu, ndani ya jiwe la chokaa linalojengwa na matumbawe, wanyama wadogo mno wa baharini. Tumbawe la aina ya Porites hukua takriban sentimita moja kwa mwaka, likiacha matabaka yanayohesabika kwa picha za eksirei kama duara za umri katika gogo, na kila tabaka hushika hali ya maji ya mwaka wake. Katika utafiti uliochapishwa 2007, Dominik Fleitmann na wenzake walipima bariamu, elementi inayosafiri na udongo wa mto, katika tumbawe la Malindi la takriban miaka 300, wakakuta kiwango chake kilitulia hadi mwanzoni mwa karne ya 20, kisha kikapanda sana ardhi ya bara ilipofyekwa na kulimwa chini ya ukoloni. Mchanga wa Mambrui, basi, ni mashamba ya bara yaliyohamia pwani.

Julia Cole, pamoja na Robert Dunbar, Timothy McClanahan na Nyawira Muthiga, walikuwa wameuliza tumbawe la Malindi swali jingine, na jibu lao la mwaka 2000 ndilo lenye uzito zaidi. Walipima oksijeni nzito, ambayo hupungua katika jiwe kadiri maji yanavyopata joto, wakasoma kumbukumbu ya miaka 194: joto la bahari hupanda na kushuka likifuata mabadiliko ya Pasifiki, yakiwemo ya El Niño, lakini chini ya mawimbi hayo kuna ongezeko linalofikia nyuzi 1.3 tangu mwanzoni mwa karne ya 19.

Anayesema kwamba hali ya hewa imebadilika siku zote huchukua nusu ya kwanza ya jibu hilo na kuitupa ya pili, ingawa kupwa na kujaa kwa kila siku hakumzuii mvuvi kutambua kwamba bamvua inakaribia. Ni haki kukiri kwamba tumbawe huonyesha joto bila kumtaja aliyelileta. Aliyelileta hutambuliwa na elimu ya gesi zinazozuia joto angani.

Bwawa la Thwake linajengwa kwenye Mto Athi, nalo litanasa sehemu ya udongo unaoujenga ufuo. Ufuo wa Mambrui utajengwa na nini hapo? Na shahidi mwenyewe, yaani tumbawe, atadumu hadi lini? Joto la bahari la 1998 liliua sehemu kubwa ya matumbawe ya Malindi.