Idhini ya Uchukuzi Baina ya Majimbo ya Marekani

Mtu akiazimu kuchukua shehena za watu kwa ujira kutoka jimbo hata jimbo nchini Marekani, awe mzalia wa huko au mhamiaji aliyetoka Mombasa au Bukavu, hana budi kutaka idhini ya serikali kuu, kwani leseni ya udereva, hata iwe ya daraja la juu namna gani, humhalalishia usukani tu, wala haimhalalishii biashara. Wala asidhani kuwa lori lisilovuka mpaka wa jimbo lake limesalimika: endapo mzigo wake ni kipande cha safari iliyoanzia jimbo jingine, sheria huitazama safari ya mzigo, si ya gari.

Zamani mlango ulikuwa mwembamba zaidi. Kwa sheria ya mwaka 1935, mwombaji alilazimika kuithibitishia Tume ya Biashara baina ya Majimbo kwamba umma unaihitaji huduma yake, na wachukuzi waliomtangulia walikuwa na haki ya kumpinga (nao, kama itarajiwavyo, hawakuona haya kuitumia). Sheria ya 1980 ililegeza masharti hayo, tume ikavunjwa mwishoni mwa 1995, na tangu 2000 amri imo mikononi mwa idara ya usalama wa magari ya uchukuzi, ijulikanayo kwa herufi FMCSA.

Siku hizi mwombaji hujiandikisha, hulipa ada ya dola 300 isiyorejeshwa, huteua wakala wa kumpokelea hati za mahakama katika majimbo apitamo, na ombi lake hutangazwa siku 10 ili mwenye pingamizi anene. Hayo ni mepesi. Uzito uko kwenye bima: mchukuzi wa shehena za kawaida, mwenye gari la ratili 10,001 au zaidi, sharti awe na dhamana isiyopungua dola 750,000, na kampuni ya bima yenyewe ndiyo ipelekayo uthibitisho serikalini, usipofika, idhini haitoki. Kwa rai yangu, bawabu wa biashara hii leo si serikali bali ni mwenye bima, amtazamaye mgeni wa kazi kwa shaka na kumtoza kwa kadiri ya shaka yake.

Idhini ikishatoka, zipo kodi za mafuta za majimbo na vipimo vya ulevi, na mchukuzi mpya huwa chini ya uangalizi kwa miezi 18, ambamo daftari zake hukaguliwa. Basi mwenye azma hii asitie sahihi mkataba wa kununua lori kabla hajapewa bei ya bima kwa maandishi.