Simu za madeni yasiyo yako: usilipe, usijifiche, usikimbilie kubadilisha laini

Wafanyabiashara wenzangu wa Mbulu, Hanang na popote mnaposomea ukurasa huu, leo tuongelee hizi simu za kudai madeni zinazoingia kwenye namba isiyohusika. Unakuta upo dukani unapima sukari, simu inaita, namba ngeni. Unapokea haraka ukijua ni oda. Mtu anakuuliza, "Wewe ndio fulani? Hela yetu unalipa lini?" Huyo fulani hata humjui. Unamwambia amekosea namba, anakata. Kesho anapiga mwingine na namba nyingine. Keshokutwa inaingia meseji ya vitisho.

Wengi wanasema achana nao, watachoka wenyewe. Kwa mtu asiye na biashara labda. Kwetu sisi hapana, na sababu zipo tatu.

Ya kwanza, namba yako ndio duka lako. Imeandikwa kwenye ubao nje, ipo kwa dereva anayekuletea mzigo kutoka Babati au Arusha, ipo kwa mkulima wa swaumu kule Bashay na kwa mwenye alizeti Basotu. Ukizima simu kukwepa wadai, umezima na wateja.

Ya pili ni jina. Katesh, Dongobesh, Haydom, huku kwetu tunajuana. Simu ikiwa na sauti kubwa, mteja aliyesimama mbele yako anasikia "lipa deni letu", na hajui kwamba deni sio lako. Habari ikimfikia yule wa jumla anayekupa mzigo kwa mali kauli, safari ijayo anataka hela mkononi kwanza.

Ya tatu ni hela yenyewe. Kuna mama mmoja anauza nguo za mitumba kwenye minada, alipigiwa wiki mbili mfululizo kwa deni la mtu mwingine. Akaona isiwe shida, akatuma elfu thelathini wamwache apumzike. Unadhani walimwacha? Waliongeza simu, maana sasa walishajua namba hii ikibanwa inatoa hela. Elfu thelathini kwa mtaji wa mitumba ni faida ya siku ngapi? Piga hesabu mwenyewe.

Sasa twende kazi.

KWA NINI WANAKUPIGIA WEWE

Ukijua sababu ndio utajua dawa. Mara nyingi ni moja kati ya hizi:

1. Namba yako ilikuwa ya mtu mwingine. Laini isiyotumika muda mrefu kampuni ya simu inaifunga, halafu namba inauzwa upya. Mwenye namba wa kwanza aliondoka, deni lake kwenye kumbukumbu za wakopeshaji limebaki na namba ileile. Huku Hanang tukumbuke pia yale maporomoko ya tope ya tarehe 3 Desemba 2023. Kuna watu walipoteza nyumba na kila kilichokuwemo, simu ikiwemo. Mtu wa namna hiyo akianza upya na laini mpya, wanaomdai bado wana namba ya zamani.

2. Aliyekopa alikosea tarakimu moja, au alitoa namba ya uongo makusudi.

3. Aliyekopa ni mtu anayekujua. Alipoulizwa "tupe namba ya ndugu au jirani", akatoa ya kwako bila kukuambia. Sisi wenye maduka ndio tunatajwa sana, maana namba zetu ziko hadharani.

4. Alikopa kwenye programu za mikopo mtandaoni, ile mikopo watu wanaita kausha damu. Baadhi ya programu zikishaingia kwenye simu ya mkopaji zinachukua orodha yote ya majina aliyohifadhi. Akichelewa kulipa, wanapigiwa wote: mjomba, mchungaji, mwalimu wa mtoto, na wewe uliyehifadhiwa kama "Duka Mangi".

5. Kuna laini imesajiliwa kwa kitambulisho chako na wewe hujui, na imetumika kukopa.

6. Hakuna deni lolote. Ni tapeli anarusha ndoano aone nani ataogopa.

UNACHOSEMA UKIPOKEA

Usigombane. Ukitukana unampa sababu ya kurudi, na wateja wako wanasikia matusi yako, ya kwake hawayasikii. Uliza maswali manne, polepole, kama unaandika oda:

Unapiga kutoka kampuni gani? Jina lako nani? Unamtafuta nani? Namba hii mmeipata wapi?

Mdai wa kweli anaweza kujibu. Tapeli ataanza kufoka au atakata.

Halafu mwambie sentensi moja tu: "Mimi sio huyo, sijakopa kwenu, sijamdhamini mtu, naomba mtoe namba hii kwenye kumbukumbu zenu." Basi.

Vitu vya kutotoa hata akiongea kwa upole kiasi gani: namba ya NIDA, namba ya siri, tarehe ya kuzaliwa, jina lako kamili kama hana. Atakwambia "nipe namba ya kitambulisho nihakikishe kama sio wewe". Usimpe. Yeye ndiye anayedai, kazi ya kuhakikisha ni ya kwake. Usimuelekeze pia huyo mtu anakaa wapi hata kama unamfahamu. Ukishaelekeza mara moja, kesho utaulizwa tena.

Na usilipe kidogo "ili wakuache". Ukilipa hata elfu mbili umeanza kujiandikia deni ambalo sio lako.

KUWA KWENYE SIMU YA MTU SIO KUMDHAMINI

Hapa ndio wanapotutisha sana. Wanasema "wewe ni mdhamini, umeandikwa hapa". Ndugu yangu, mdhamini ni mtu aliyekubali mwenyewe kwamba fulani asipolipa nitalipa mimi. Mtu kuandika namba yako bila kukuuliza hakukufanyi mdhamini, kama ambavyo mtu kuandika jina lako kwenye mchango wa harusi bila wewe kujua hakukufanyi umeahidi. Wakisema umedhamini, waambie wakuonyeshe ulipokubali.

Ila na wewe angalia. Mtu akikuomba "nitaje tu namba yako kaka, hawatapiga", muulize kwanza ni mkopo wa wapi na anakuandika kama nani. Ukisema sawa bila kuuliza, umefungua mlango.

HATUA ZA KUFUATA

Hatua ya 1: Weka ushahidi. Chukua daftari la duka, ukurasa wa nyuma, andika tarehe, saa, namba iliyopiga na alichosema. Meseji usifute hata kama zinakera, piga skrinishoti. Kule mbele kila ofisi itakuuliza swali moja: ushahidi uko wapi?

Hatua ya 2: Hakiki laini zako. Piga *106# ufuate maelekezo, uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Fanya hivyo kwa kila mtandao unaotumia. Ukikuta namba usiyoijua, nenda na kitambulisho kwenye duka la huduma la mtandao huo waiondoe. Usitume mtu, nenda mwenyewe. Tangu laini zianze kusajiliwa kwa alama za vidole, namba iliyo kwenye jina lako inahesabiwa ni ya kwako, na ikikopa utatafutwa wewe.

Hatua ya 3: Andika meseji rasmi. Maneno ya mdomo hayabaki. Tuma hii kwa namba inayokusumbua, na kama kampuni inajulikana itume pia kwenye mawasiliano yao ya huduma kwa wateja:

"Habari. Namba hii ni ya biashara yangu. Mimi sio mtu mnayemtafuta. Sijakopa kwenu wala sijamdhamini mteja wenu. Naomba mfute namba hii kwenye taarifa za mteja huyo na mnithibitishie kwa meseji. Mkiendelea kunipigia nitapeleka malalamiko kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na Benki Kuu. Asante."

Nakili, badilisha unavyotaka, ihifadhi. Dukani kwangu laini ya biashara ilipigiwa karibu mwezi mzima akitafutwa mtu ambaye sijawahi kumwona. Kusema kwa mdomo hakukusaidia kitu, kila aliyepiga alikuwa mgeni na habari. Baada ya meseji ya namna hii kwa ofisi yao, simu ziliisha siku chache tu. Sio kila kampuni itasikia, ila ndio pa kuanzia.

Hatua ya 4: Kama ni utapeli, tuma namba ya tapeli kwenda 15040. Hiyo ni namba ya kuripoti meseji na namba za kitapeli, inafanya kazi kwa mitandao yetu. Baada ya hapo ndio uifungie kwenye simu yako.

Hatua ya 5: Wakiendelea, peleka mbele. Sheria zipo, tatizo wengi hatuzijui.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Namba yako ya simu ni taarifa yako binafsi. Una haki ya kujua nani anaitumia na kwa kazi gani, na haki ya kudai taarifa isiyo sahihi irekebishwe au ifutwe. Tume ya kusimamia sheria hii ilizinduliwa na Rais Samia Aprili 2024, na malalamiko unaweza kupeleka kupitia tovuti yao pdpc.go.tz.

Benki Kuu ya Tanzania ndiyo inawapa leseni wakopeshaji hawa wa huduma ndogo za fedha, chini ya sheria ya 2018. Mwaka 2024 ilitoa mwongozo kwa wanaokopesha kidijitali, unaogusa tozo na riba, njia za kukusanya madeni na faragha ya wateja. Novemba mwaka huohuo ikatangaza orodha ya programu 69 zilizokuwa zinakopesha bila kukidhi vigezo hivyo. Kwa hiyo wakikutajia jina la kampuni, ingia bot.go.tz uangalie kama wapo kwenye orodha ya wenye leseni. Kwa sisi wa Manyara, tawi la Benki Kuu la karibu ni la Arusha.

Kama kuna vitisho, matusi, au wanatishia kusambaza picha yako, hiyo ni kesi ya polisi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 23, inakataza kumtumia mtu ujumbe kwa nia ya kumtisha, kumlazimisha au kumsumbua. Nenda kituoni na daftari lako na skrinishoti, chukua RB.

Na msidhani sheria hizi ni za kwenye karatasi tu. Majirani zetu Kenya, Septemba 2023, ofisi yao ya kulinda taarifa binafsi iliipiga faini ya shilingi 2,975,000 za Kenya kampuni ya Mulla Pride, yenye programu za mikopo KeCredit na Faircash. Kosa lilikuwa hilihili letu: kutumia majina na namba walizozipata kwa watu wengine kuwatumia meseji na simu za vitisho. Waliolalamika ni watu wa kawaida kama sisi.

USIKIMBILIE KUBADILISHA LAINI

Najua inashawishi. Ila laini mpya nayo inaweza kuwa na mwenyewe wa zamani, na huyo naye anadaiwa. Halafu utapoteza wateja waliokuzoea na kumbukumbu za miamala. Kama simu zimezidi kabisa, bora ununue laini ya pili ya mambo binafsi, ya biashara ibaki palepale. Simu za namba ngeni saa za wateja wengi usiweke sauti ya nje.

Na wateja wakisikia, waambie wazi palepale: "Wanakosea namba, wanamtafuta mtu mwingine." Ukinyamaza na kutoka nje kuongea kwa kujificha, ndio watu wanaanza kuhisi.

NA SISI TUNAODAI JE?

Hili nimeliacha mwisho makusudi. Kila mwenye duka hapa ana daftari la mikopo. Mahindi yakivunwa tunaanza kupiga simu. Sasa jiulize, namba uliyoandika mwaka juzi bado ni ya mtu yuleyule? Ukipiga, uliza kwanza "naongea na nani?" kabla hujataja deni. Akisema sio yeye, omba radhi, futa namba, mtafute mdaiwa wako kwa njia nyingine. Usimtajie mtu wa pembeni kiasi anachodaiwa mwenzake, na usiweke picha ya mdaiwa kwenye status au kwenye kundi la WhatsApp la kijiji. Ukikopesha, andika namba mbele ya mteja, ipige palepale usikie ikiita mfukoni mwake. Sekunde kumi tu, na umemwepusha mtu mwingine na usumbufu unaoulalamikia wewe.

Mtumie mwenzako mwenye duka au kibanda, hasa wale akina mama wa minadani wanaopigiwa na kuogopa. Deni lisilo lako halilipwi kwa woga. Kazi njema.