TUNAYOYAONA TUKIENDA KAZINI KWA BAISKELI



Katika mji wa Jinja, kabla king'ora cha zamu ya asubuhi hakijalia, barabara huwa zimekwisha kujaa baiskeli. Wengine wanatoka Walukuba na Masese, wengine Bugembe, na wengine wanavuka Mto Nile kutoka upande wa Njeru. Njia ya Kakira nayo ina watu wake, waendao kwenye miwa. Sisi tunaozungukia matawi ya chama pia tunapanda baiskeli, maana nauli ni ghali na matawi ni mengi.

Mara nyingi tumesikia baiskeli ikidharauliwa kuwa ni usafiri wa mtu asiye na kitu. Lakini mpanda baiskeli huiona nchi yake. Aliyemo ndani ya gari amefunga kioo na kupita mbio. Sisi tunaona, tunasikia na tunanusa, asubuhi na jioni, njia ileile mwaka mzima. Kitu kikibadilika, sisi ndio wa kwanza kujua.

NDEGE NA USUBI

Tutazame ndege. Yangeyange weupe hufuata ng'ombe na wakata miwa, kwa kuwa panzi hurukaruka pale majani yanapotikiswa. Ukiona mwewe wengi wakizunguka juu ya shamba, jua kuna moto unaofukuza panya na wadudu. Kando ya ziwa yuko mdiria mwenye rangi nyeupe na nyeusi, anayesimama hewani akipiga mabawa, halafu anajitupa majini kama jiwe. Na yule ndege mkubwa mwenye upara, ambaye huku Uganda tunamwita kaloli, hukaa penye takataka. Mtaa ukijaa kaloli, ujue taka hazizolewi.

Mwezi unapoandama, mawingu ya usubi huinuka ziwani kama moshi. Mpanda baiskeli hujifunga kitambaa mdomoni na kuinamisha kichwa. Usubi huu hauumi mtu. Watoto wake hukulia ndani ya maji na katika tope la ziwani, na samaki huwala. Basi hata huo unaotuudhi njiani unatulisha mezani.

MTO UNAOENDESHA MITAMBO

Tukivuka Nile tunakumbuka kwamba mto huu ndio unaoendesha mashine zetu. Bwawa la Owen Falls, ambalo sasa linaitwa Nalubaale, lilifunguliwa mwaka 1954. Maji yalipopanda nyuma yake, maporomoko ya Ripon, pale Nile inapotoka ziwani, yalizama. Viwanda vingi vya Jinja vilikuja kufuata umeme huo, na wafanyakazi wakafuata viwanda.

Mwaka 2020 Ziwa Victoria lilijaa kwa kiasi ambacho hakikuwa kimeonekana tangu mwaka 1964. Vipande vya kinamasi vikang'oka kingoni na kuelea. Mwezi Aprili kisiwa kimoja cha namna hiyo kilisukumwa na maji hadi kwenye mitambo ya bwawa, na umeme ukakatika nchi nzima. Mafunjo yanapokaa mahali pake hatuyafikirii. Yalipoondoka, nchi ilikaa gizani.

KINAMASI CHA KIRINYA

Wanaopita upande wa Walukuba wanakijua kinamasi cha Kirinya. Mafunjo yake ni marefu kupita mtu aliyepanda baiskeli, na asubuhi yamejaa makelele ya ndege. Wengi hupita wakidhani ni pori lisilo na faida. Kumbe lina kazi kubwa. Maji taka ya mji hupelekwa kwanza katika madimbwi ya kusafishia pale Kirinya, kisha huingia katika mafunjo kabla ya kufika ziwani. Ndani ya mafunjo maji hupita polepole. Tope linatua chini, mizizi inakula mbolea iliyomo katika uchafu, na vijidudu vingi vya maradhi vinakufa. Ziwa linalopokea maji hayo ndilo ziwa ambamo mji unachota maji ya kunywa. Huyo ni mfanyakazi wa zamu ya usiku na mchana, asiyedai mshahara.

Mafunjo yakikatwa shina tu, mizizi ikaachwa, huota tena, na watu wakapata mikeka na kamba. Lakini kinamasi kikichimbiwa mifereji na kupandwa magimbi au miwa, maji machafu hukimbilia ziwani moja kwa moja. Kamongo na kambare hupoteza mazalio yao. Korongo mwenye taji, aliye katika bendera ya Uganda tangu mwaka 1962, hutaga katika vinamasi. Vikikauka naye anahama. Wa kuumwa tumbo ni watoto wa mitaa ya wafanyakazi.

DAFTARI LA TAWI MOJA

Katika tawi moja tulilotembelea, wanachama waliopita kila siku kando ya mtaro wa kiwanda waliona kwamba Jumamosi jioni maji hubadilika rangi na kutoa harufu kali. Mmoja akaanza kuandika tarehe na saa katika daftari la shule la mtoto wake. Baada ya wiki sita daftari lilisomwa mkutanoni, kisha likapelekwa kwa meneja. Alikana. Alipoonyeshwa tarehe moja baada ya nyingine alinyamaza, na mwishowe akakubali afisa wa afya aitwe. Mtaro ulitengenezwa nusu. Nusu ya pili tawi bado linaidai, na daftari bado linaandikwa.

TUFANYE NINI

Kwanza, kila tawi liwe na daftari la namna hiyo. Andikeni mlichoona, mahali, siku na saa. Msiandike mlichosikia kwa watu.

Pili, mjue haki yenu. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inasema kwamba serikali kuu na serikali za mitaa zinashika maziwa, mito na vinamasi kama amana kwa ajili ya wananchi wote. Kiongozi anayegawa kinamasi anagawa mali ya watu.

Tatu, katika mazungumzo na waajiri tudai kibanda cha baiskeli penye kila lango, na njia ya pembeni ambayo matrela ya miwa hayataingia. Mwenzetu akisukumwa mtaroni na lori alfajiri, hiyo nayo ni ajali ya kazi kwetu, na iandikwe katika daftari hilohilo.

Matawi yenye madaftari yaje nayo katika mkutano ujao wa wawakilishi. Tutayasoma yote, hata yakichukua siku nzima.